Tepu Si Plasta: Namna ya Kuziba Thredi za Bomba la Gesi Hadi Lisivuje

Mama mmoja mwenye hoteli ya samaki Kondele, hapa Kisumu, alinipigia simu na lalamiko ambalo nilikaribia kulicheka. "Fundi, gesi inanuka asubuhi tu. Nikishaanza kupika, harufu inaisha."

Nilipofika niliona si jambo la kucheka. Usiku jikoni kunafungwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: propeni ni karibu mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Kwa hiyo ilikuwa ikivuja polepole na kulala sakafuni mpaka alfajiri. Milango ikifunguliwa inapeperushwa, kisha harufu ya samaki inafunika iliyobaki. Kila asubuhi mama huyu alikuwa akipiga kiberiti ndani ya chumba kilicholala na gesi.

Mitungi yake miwili ya kilo 50 ilikaa nje vizuri, ikilisha majiko matatu kupitia bomba la chuma la nusu inchi. Nilihesabu viungo 14. Fundi aliyenitangulia alikuwa amezungusha tepu nyeupe kila mahali alipoona thredi, yaani meno ya kukazia bomba, bila kubagua. Uvujaji mkubwa ulikuwa kwenye yunioni, kile kiungo cha nati kinachounganisha vipande viwili vya bomba, na aliyeusababisha ni tepu yenyewe: kipande kilikatika, kikalala katikati ya nyuso mbili za shaba ambazo zilitakiwa kugusana. Gesi ilipita kando ya kile kipande kama maji chini ya mlango.

Mafundi wengi wanaitumia tepu kama plasta ya kidonda, kwamba ukiona panavuja ongeza. Lakini kiungo cha thredi hufungwa na chuma kinachobana chuma. Dawa, iwe tepu au ya kupaka, inaziba tu kijia chembamba kinachobaki baada ya chuma kumaliza kazi yake. Ukilielewa hilo utajua mahali pa kuweka dawa na mahali pa kuiacha.

Kabla hatujaendelea: kazi ya mitungi mingi inayolisha jiko la hoteli, shule au nyumba za kupanga ni ya fundi aliyehitimu, na biashara ya gesi hii nchini iko chini ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kuinyoosha kazi yake, na wa mwenye nyumba anayetaka kujua anachofanyiwa.

Jua kwanza thredi uliyoshika

Mabomba tunayouziwa kwenye hadiwea za Kisumu na Nakuru yana thredi za Kiingereza, yaani BSP. Bomba la "nusu inchi" ukilipima nje kwa kalipa utapata karibu milimita 21, na vijana wengi wanaoanza kazi hushangaa. Jina hilo lilibaki tangu enzi za mabomba ya zamani yaliyoitwa kwa upana wa tundu.

Thredi ya dume iliyokatwa kwenye bomba huwa imechongoka kidogo. Kila milimita 16 za urefu, upana wake unapungua milimita 1. Ya jike ndani ya soketi inaweza kuchongoka vivyo hivyo au ikawa imenyooka, na zote mbili zinakubali dume aliyechongoka. Unapokaza, dume anazidi kuwa mnene ndani ya jike, hadi vyuma vinabanana. Nusu inchi ina meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja unaisogeza mbele karibu milimita 1.8. Ukipiga hesabu, huo ni unene wa ziada wa sehemu ya kumi ya milimita. Ni kidogo mno, lakini ndipo uzibaji unapotoka.

Hata baada ya kubanana, kwenye ncha na kwenye bonde la kila jino hubaki kijia kinachozunguka kama ndani ya konokono, kutoka mdomo wa bomba mpaka nje. Maji mazito yanaweza kukwama humo, au kutu na chumvi vikaja kuziba baadaye. Gesi haikwami. Dawa ya thredi ni ya kijia hicho.

Aina nyingine za viungo ndizo zinazoponza watu. Yunioni hufungwa kwa nyuso mbili zilizolainishwa, moja ya mviringo na nyingine ya koni, na nati yake kazi yake ni kuzivuta zikutane. Bomba la shaba lenye mdomo uliopanuliwa hufunga kwa ule mdomo. Kiungo kinachotumia olivu, ile pete ndogo ya shaba inayobanwa na nati, hufunga kwa olivu. Regyuleta ya mtungi wa kilo 50, ile inayokazwa kuelekea kushoto, hufunga kwa pua yake ya shaba au pete ya mpira iliyo kwenye pua. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji tepu. Ukiiweka, unazuia nati isifike mwisho, au unaacha uchafu kwenye uso unaotakiwa kuwa safi.

Na wale wenye mtungi mdogo ambao regyuleta yake hubana juu ya valvu, tafadhali. Nimekuta tepu hapo Nyalenda, nimeikuta Kaptembwa, na ndugu zangu wa Kakamega wananiambia kwao ni vivyo hivyo. Bana ile inazibwa na pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya valvu. Kama inavuja, pete imekauka, imekatika au haipo. Rudisha mtungi kwa muuzaji wako.

Jambo la mwisho kwenye utambuzi: majiko makubwa yaliyoagizwa kutoka Marekani huja na thredi za NPT. Kwa nusu inchi na robo tatu, NPT nayo ina meno 14 kwa inchi, hivyo itaingia kwenye soketi ya BSP mizunguko kadhaa kwa upole kabisa, halafu inakaza ghafla. Utadhani umefunga. Ukweli ni kwamba pembe ya meno ya BSP ni digrii 55 na ya NPT ni 60, na hayo hayatalala pamoja hata ukimaliza roli nzima. Kwa inchi moja utagundua mapema, maana BSP ina meno 11 na NPT ina 11 na nusu. Dawa ya tatizo hili ni adapta, upande mmoja BSP na mwingine NPT. Ukiona jiko la kigeni, weka kipimo cha thredi kwenye meno kabla ya kushika spana.

Dawa ya kutumia na ya kukataa

Tepu nyeupe nyembamba ya fundi wa maji kwa kawaida ina unene wa milimita 0.075. Tepu ya gesi huwa nene zaidi, mara nyingi milimita 0.2, na nyingi ni za manjano. Usinunue kwa rangi. Soma boksi: liwe limeandikwa kwamba ni ya gesi, na kama ni la viwango vya Ulaya utaona EN 751-3. Tofauti si ya bei peke yake. Tepu nyembamba inachanika kwenye ncha za meno, na ukijaribu kufidia kwa kuzungusha mara kumi inajikunja na kusukumwa nje, huku kule ndani meno yakibaki matupu.

Dawa ya kupaka isiyokauka ni nzuri kwa chuma kwa chuma, mradi kopo liseme inafaa kwa gesi ya mitungi. Si kila dawa ya mabomba inafaa. Gesi ya mitungi huyeyusha mafuta na kulainisha mpira wa kawaida, kwa hiyo zile za asili ya mafuta ambazo wazee walipaka pamoja na katani kwenye bomba za maji zitaoshwa polepole mpaka uzibaji uishe. Mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao nimewahi kuukuta umefungwa kwa waya kwenye bomba la mkahawa mmoja, unavimba na kulegea.

Ipo pia dawa ya majimaji inayogandia ndani ya thredi ikikosa hewa na kugusana na chuma. Mimi ndiyo ninayoipenda kwa kazi ya kudumu, lakini ina masharti. Kwenye bomba lililopakwa zinki inaganda kwa uvivu, na chupa nyingi zitakwambia utumie kichochezi au usubiri zaidi. Haifai kwa plastiki. Na saa zilizoandikwa kwenye chupa lazima uziheshimu kabla ya kupima. Mwenye hoteli akikusimamia akiuliza chakula cha mchana kitapikwa saa ngapi, mwonyeshe chupa.

Silikoni ya dirisha, gundi ya kushikilia viatu, rangi, kipande cha sabuni: hapana. Wala usichanganye tepu na dawa ya kupaka isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Kazi yenyewe

Funga valvu za mitungi, ondoa regyuleta, fungua madirisha na milango, hasa ile inayotoa hewa ya chini. Zima kila moto, pamoja na jiko la makaa la jirani kama liko karibu. Swichi za umeme usiziguse kama bado kuna harufu, na simu iache nje.

Kama kiungo ni cha zamani, kifungue chote na uondoe dawa ya zamani mpaka chuma kionekane. Hapa ndipo watu wanapochukua njia ya mkato. Brashi ya waya kwa dume, na kijiti chembamba cha mbao au shaba kwa mabaki yaliyokwama ndani ya jike. Mabaki ya tepu ni mabaya kuliko kutu, kwa sababu kipande kimoja kikisafiri mpaka kwenye tundu la jiko, moto utakuwa wa manjano upande mmoja na wewe utarudishwa kazini bila malipo.

Bomba jipya lililokatwa thredi lina mafuta ya kukatia na vumbi la chuma. Kwanza kwangua mdomo wa ndani kwa rima au tupa ya duara, maana msumeno huacha ukingo unaobana njia ya gesi. Ligonge bomba likiwa limesimama ili vumbi lidondoke, kisha futa thredi kwa kitambaa chenye spiriti na uache zikauke. Zitazame kwenye mwanga. Jino lililochanika au lililobonyea halitibiwi na dawa. Kata kipande hicho, chonga thredi mpya. Dai butu, kifaa cha kuchongea thredi, ndiyo chanzo cha thredi nyingi mbovu ninazoziona kwenye karakana zetu za jua kali, na bei ya meno mapya ni ndogo kuliko ya kurudia kazi.

Jaribu kukaza kwa mkono bila dawa. Nusu inchi inafaa kuingia mizunguko mitatu hivi au minne ndipo ikatae. Ikizama yote kwa vidole, thredi imekatwa nyembamba mno. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja, imekatwa nene au umeshika aina mbili tofauti.

Sasa tepu. Shika bomba mdomo wake ukikutazama na uzungushe tepu kufuata mkono wa saa. Sababu ni kwamba soketi itazunguka upande huohuo, kwa hiyo itaivuta tepu ikaze. Ukizungusha kinyume, soketi itaikunjua na kuisukuma nje kama ngozi ya muwa. Acha jino la kwanza kwenye mdomo likiwa tupu, yaani milimita 2 hivi, ili kisiwepo cha kukatika na kuingia ndani. Vuta tepu kwa nguvu ya kutosha mpaka meno yajichore juu yake. Ikiwa laini juu kama bandeji, umeilegeza. Kila mzunguko ulale juu ya nusu ya uliotangulia. Kwa tepu nene ya gesi kwenye nusu inchi na robo tatu, mizunguko miwili au mitatu inatosha. Maliza kwa kuivuta mpaka ikatike yenyewe, usikate kwa kisu, kisha ubonyeze ncha kwa kucha.

Kama unatumia dawa ya kupaka, ipake kwa dume peke yake, kuzunguka pote, mpaka mabonde ya meno yajae. Jino la kwanza liache. Ukipaka ndani ya jike, dume ataisukuma yote mbele yake hadi ndani ya bomba, na ikishaingia huko huitoi.

Anza kukaza kwa mkono, ukihisi kama thredi imeingia sawa. Kisha spana mbili: moja inazungusha, nyingine inazuia. Ile ya kuzuia ndiyo husahaulika, halafu unakaza elbo (kiungo cha kona) ya mwisho huku unalegeza ya kwanza upande wa pili wa ukuta bila kujua. Baada ya mkono kukataa, ongeza mzunguko mmoja na nusu, au miwili. Meno mawili au matatu yakibaki nje si aibu, ndivyo thredi iliyochongoka inavyokaa. Kuwa mpole kwenye valvu na viungo vya shaba, kwa sababu tepu inateleza na mkono wako hautahisi ukinzani wa kweli. Nimepasua valvu mbili katika miaka ya kujifunza, zote kwa bidii.

Kisha sheria ambayo kijana wangu wa kazi aliichukia mpaka alipoona maana yake: usirudishe nyuma. Umekaza elbo, ikapita kidogo pale ilipotakiwa kutazama, na unatamani kuirudisha robo mzunguko ili ilingane na ukuta. Ukiirudisha umefungua kijia cha konokono, na tepu uliyokwisha kuibana haitajaa tena. Una njia mbili: songa mbele mpaka ifike, kama nguvu inaruhusu, au fungua yote, safisha, uanze upya. Kule Kondele, viungo vitatu kati ya 14 vilikuwa vimerudishwa nyuma. Unavijua kwa uzi wa tepu uliochomoza kwenye ukingo, umekunjamana.

Kupima

Pua si kipimo. Gesi huwekewa dawa ya harufu, lakini pua ya mpishi inazoea, na pua ya fundi aliyetoka kushika spiriti haifai kabisa. Kiberiti je? Propeni inaweza kushika moto ikifika karibu asilimia 2 tu ya hewa ya chumba. Anayetafuta uvujaji kwa moto hupata jibu mara moja.

Tengeneza manometa, kipimo cha presha kinachotumia maji. Nunua mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, kama mita mbili na nusu, uukunje kama herufi U kwenye ubao, utie maji yenye rangi kidogo, na ubandike futi ya kupimia katikati. Ncha moja iunge kwenye bomba, nyingine iache wazi. Valvu zote za majiko ziwe zimefungwa, na regyuleta iwe imeondolewa na mdomo wa bomba ilipokuwa uzibwe. Tumia hewa, kamwe usitumie oksijeni. Pampu ya baiskeli inafaa ukienda polepole. Ukienda kwa fujo, maji yote yatakurukia usoni.

Regyuleta nyingi za majiko hutoa karibu milibari 30, ila soma yako. Milibari 30 ni kama sentimita 30 na nusu za maji, ukipima tofauti ya urefu kati ya pande mbili. Mimi hupandisha mpaka sentimita 45, mara moja na nusu ya presha ya kazi, kisha naacha dakika tano hewa ipoe, narekodi, na kutazama dakika kumi nyingine. Maji yasisogee.

Hapa kuna mtego wa jua letu. Hewa iliyofungwa ndani ya bomba ikiongezeka joto kwa digrii moja tu, maji hupanda karibu sentimita 3. Kwa hiyo ukipima bomba lililo ukutani wakati jua la saa nne linalipiga, uvujaji mdogo utafichwa: hewa inatoka, joto linajaza, maji yanakaa palepale, na wewe unaenda nyumbani ukiwa na furaha. Jioni upepo wa ziwa ukianza kupoza bomba, mambo yanageuka, na unaweza kufungua viungo vizima ukitafuta uvujaji usiokuwepo. Pima asubuhi mapema au siku ya mawingu, na kama huna budi, funika bomba kwa gunia na usubiri.

Maji yakishuka, sasa leta povu. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji, brashi laini, paka kuzunguka kiungo kizima pamoja na chini yake, uende na tochi. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa. Huota kama povu la bia, jeupe na laini, na unaweza kuchukua dakika nzima kuonekana. Ukilipata, usiongeze nguvu kwenye spana kwa matumaini. Fungua, safisha, weka dawa upya, upime tena tangu mwanzo. Ukimaliza suuza kwa maji safi na ufute, kwa sababu baadhi ya sabuni hula shaba.

Upande wa kati ya mtungi na regyuleta haupimwi kwa manometa, maana presha yake ni bari kadhaa. Huo utaupima kwa povu baada ya kurudisha regyuleta na kufungua mtungi polepole, na nje ya jengo.

Hewa uliyopampu bado imo kwenye bomba. Madirisha yakiwa wazi, anza na jiko lililo mbali zaidi na mtungi, itoe hewa kidogo kidogo, na usiwashe mpaka chumba kimepumua. Jiko la kwanza huzima mara mbili tatu kabla ya kushika moto wa buluu. Pale Kondele lilizima mara nne, mama akanitazama kana kwamba nimeharibu kabisa, na la tano likashika.